Choo, karani na komeo: nilichokiona kambini baada ya mafuriko

Mkuu, umeuliza kwa nini wanawake watajwe kivyao kwenye misaada ya mafuriko ilhali maji hayachagui. Kwanza, yanachagua. Tsunami ya 2004 kule Aceh, Indonesia, kuna vijiji vilivyozika wanawake wengi kuliko wanaume. Wengi walikuwa nyumbani na watoto, tena hawakujua kuogelea. Ila mimi nitakueleza ya baada ya maji, maana miezi minne nimelala kwenye hema na mtoto wa miezi mitano.

Naanza na choo. Vyoo vilichimbwa mwisho kabisa wa kambi, wanawake na wanaume mstari mmoja, mlango ni turubai, taa hakuna. Tukawa hatunywi maji kuanzia saa kumi jioni ili usiku tusitoke. Mimi nanyonyesha! Ikifika alfajiri kichwa kinagonga, midomo imekauka, na jirani yangu analia mkojo unamchoma. Baadaye muuguzi mmoja akatuambia kuna viwango vya misaada vinavyoitwa Sphere: choo kimoja kwa watu 20, vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume, na mlango ufungwe kwa ndani. Kumbe hatukuwa tunadeka.

Halafu kadi ya chakula. Iliandikwa jina la mkuu wa kaya, na mume wangu alikuwa mbali kikazi. Karani akaniambia nimsubiri arudi. Siku mbili tulikula kwa hisani ya hema la pili. Mjane mmoja aliambiwa alete shemeji yake. Shemeji akasaini, akaondoka na turubai.

Pedi zilikuja wiki ya tatu (viatu vya kisigino kirefu vilifika wiki ya kwanza, sijui tukacheze wapi). Aliyegawa ni kijana wa kiume mwenye kipaza sauti, anaita mmojammoja. Wasichana wakageuza njia wakarudi kuchana shuka.

Kuhusu ubakaji sitasimulia, si habari yangu. Ila lijue hili: anayefanyiwa afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72 apewe dawa za kuzuia VVU, na za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi siku ya tano. Pale kwetu hakuna aliyetutangazia, na kipaza sauti kilikuwepo.

Mambo yalianza kubadilika tulipolazimisha wanawake wanne waingie kwenye kamati. Kikao cha kwanza tulidai komeo. Fundi akasema hana bajeti, tukapiga msumari na waya wenyewe jioni ileile.

Umesema mnakusanya michango. Nguo mnazo za kutosha. Tafuteni tochi, pedi, chupi mpya, ndoo zenye mfuniko, na mgawaji awe mwanamke. Maziwa ya kopo msimwage ovyo kwa wanaonyonyesha. Maji ya kuyakorogea yenyewe ni machafu, na mama akinywa na kula, maziwa yake mwenyewe yanatosha.