Kutazama mechi mubashara katika mji wa milimani: chagua saa kabla ya kuchagua baa

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: mko sita, mnakwenda wiki ya pili ya Februari katika mji wa watelezaji wa theluji, bado hamjaamua kama ni milima ya Alps, Ulaya, au ya Rocky, Amerika Kaskazini, watano wenu hawako tayari kukosa Ligi Kuu ya Uingereza na Ligi ya Mabingwa, na wa sita anaitaka Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Unaomba utajiwe baa. Nimehudumia meza kwa misimu minne katika miji ya aina hiyo, mitatu Alps na mmoja Rocky, lakini sitakutajia baa hata moja, kwa sababu sifa ya baa katika miji hiyo haidumu. Msimu ukiisha mwenye jengo humkodisha mtu mwingine, mkataba wa chaneli hauhuishwi, skrini iliyokuwa ukutani inahamishiwa chumba cha kulia, na aliyepasifia mahali fulani miaka miwili iliyopita anakuwa amekuelekeza pasipokuwepo tena. Kinachodumu ni saa. Jua kwanza mechi yako itaanza saa ngapi kwa saa za huko, kisha ujiulize mji mzima huwa unafanya nini saa hiyo. Ukishalijibu hilo, pa kukaa hutapatafuta kwa shida.

Tuanze na Alps. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 9 alasiri Uingereza inaanza saa 10 jioni kule, wakati uleule ambao lifti za mlimani zinakaribia kufungwa na watu wote wanateremka kwa mkupuo mmoja. Baa zilizo chini ya lifti zina skrini kubwa, nazo ndizo zinazoandika kwa chaki kwenye ubao wa nje kwamba zinaonyesha mpira. Usizikimbilie. Saa hiyo pana muziki wa kutikisa vioo, watu wanacheza juu ya mabenchi wakiwa na viatu vyao vigumu vya plastiki, na hakuna mhudumu atakayezima muziki unaouza bia ili watu watano wamsikie mtangazaji. Mpira mtauona, ila mtauona bubu. Kwa mechi ya saa hiyo tembeeni dakika kumi au kumi na tano mkiipa lifti mgongo, mwelekee upande wa kituo cha basi na nyumba wanazoishi wafanyakazi. Fikeni mapema, maana Uingereza kwenyewe mechi hizo za Jumamosi saa 9 alasiri hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni. Mwingereza aliyekuja likizo hujikuta anaweza kuitazama timu yake mubashara saa ambayo nyumbani kwake haiwezekani, na hakubali kuikosa nafasi hiyo. Nimewaona wakikalia viti tangu saa 8.

Ligi ya Mabingwa ni kinyume chake kabisa. Mechi nyingi za Jumanne na Jumatano huanza saa 3 usiku kwa saa za Alps, na kufikia saa hiyo muziki umekwisha, watelezaji wameshiba na wengi wao wanasinzia. Baa ileile ya chini ya lifti niliyokukataza Jumamosi jioni inakuwa na meza tupu mbele ya skrini, na mhudumu wake atakuwekea sauti bila kubembelezwa, kwa kuwa nyinyi sita ndio mtakaompa kazi usiku huo.

Rocky hesabu inageuka. Katika miji kama Banff ya Kanada na Aspen ya Marekani, mechi ya saa 9 alasiri ya Uingereza ni saa 2 asubuhi, na ile inayoanza saa 6:30 mchana Uingereza inakuwa saa 11:30 alfajiri.  Hapo ukubwa wa skrini hauna maana. Shida ni nani atakayekufungulia mlango. Ninavyojua mimi, jibu la kawaida ni hoteli yenye ukumbi wa kifungua kinywa unaofunguliwa mapema na televisheni ambayo wageni wanaruhusiwa kuishika. Ligi ya Mabingwa ya saa 3 usiku Ulaya inaangukia saa 7 mchana, nawe uko juu mlimani na glavu mkononi, hivyo ulizia mgahawa wa katikati ya mlima kama una skrini, kisha upange chakula cha mchana kiwe saa hiyo.

Mwenzenu wa sita ndiye mwenye kura nzito kuliko nyote. Super Bowl huanza saa 10:30 jioni kwa saa za Rocky, Jumapili, lifti zikiwa zimefungwa muda mfupi tu kabla, na mji wote unaingia ndani kwa pamoja. Bila meza iliyowekwa siku kadhaa kabla mtaitazama mkiwa mmesimama karibu na mlango wa choo. Alps mchezo huohuo unaanza saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumatatu na kwisha karibu saa 10 alfajiri, na ni baa chache zenye kibali cha kubaki wazi hadi wakati huo. Kama ni mimi, watano wapenzi wa soka wangenipeleka Alps na huyo mmoja ningemtafutia hoteli yenye chaneli hiyo chumbani, alale mchana.

Hapo kwenye saa niongeze jambo lililonigharimu usingizi, ijapokuwa kwenu halitatokea Februari. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya husubiri hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo tofauti ya saa inapungua kwa saa moja, na mechi niliyoizoea saa 2 asubuhi huanza saa 3. Sikulijua hilo. Nilisimama mbele ya mlango uliofungwa, mikono kwapani, nikiamini kwamba mwenye baa amenisaliti, mpaka mfanyakazi wa usafi akaniuliza kwa upole ninasubiri nini.

Sasa ishara. Watu wa tambarare hawafikirii kwamba picha lazima ipite mahali, ila milimani hilo ndilo linaloamua. Satelaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 hivi, kwa hiyo dishi lililoko Alps linatazama kusini, likiinuliwa nyuzi kama 35 tu kutoka mstari wa upeo wa macho. Baa iliyojengwa chini ya ukuta wa mlima ulio kusini yake inaweza kukosa kabisa upenyo wa kuiona satelaiti, wakati jirani yake wa ng'ambo ya bonde anapata picha safi. Ukifika mjini, inua macho: nyumba zenye madishi ziko upande gani? Baa isiyo na dishi si lazima iwe mbaya, inaweza kupata picha kwa kebo au kwa intaneti, lakini ulizia ni ipi.

Halafu kuna theluji yenyewe. Ile kavu inayopeperuka kama unga haina taabu kubwa, ila theluji yenye majimaji ikigandamana kwenye dishi inakula ishara, na huwa inakuja bila kuangalia ubao wa matokeo. Katika msimu wangu wa pili picha ilianza kukatika vipandevipande kipindi cha pili cha mechi ya mtoano. Mchezaji anabaki na mguu hewani, uso wake umegeuka miraba ya kijani. Mwenzangu alichukua fagio la ngazi, akalifunga kwa mkanda wa gundi kwenye mpini wa koleo, akatoka kwenye roshani kulipangusa dishi lililokuwa juu ya kichwa chake, huku sisi ndani tukimpigia kelele kupitia dirisha: imerudi, hapana, imerudi, iache hivyohivyo! Alirudi na theluji ndani ya kola, na hatukumwacha alipe kinywaji usiku huo. Tangu hapo, nikiona dishi limefungwa mahali ambapo mtu anaweza kulifikia kwa mkono, namheshimu mwenye baa kabla sijaonja bia yake.

Picha ya intaneti haiogopi theluji, lakini huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi nyuma ya ile ya satelaiti. Ukiwa peke yako chumbani hujui na huumii. Mjini, ambako baa zinatazamana katika kichochoro kimoja, ni mateso. Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022 ilianza saa 10 jioni kwa saa za Alps, nami nilikuwa zamuni kwenye baa iliyotumia intaneti, mkabala na nyingine iliyotumia dishi. Mbappé wa Ufaransa alifunga penalti dakika ya 80 na bao la pili dakika ya 81. Bao la kwanza tulilisikia kutoka ng'ambo ya njia kabla hatujaliona, tukalisubiri, likaja, tukashangilia. Na wateja wangu walikuwa bado wamekumbatiana waliposikia ng'ambo wanalipuka tena, kisha wakabaki wameduwaa, wakitazama mpira unarudishwa katikati ya uwanja huku wakijua kwamba jambo limekwishatokea. Wanne walitoka bila kuaga wakavuka njia. Kwa hiyo kama baa yenu ni ya intaneti, iwe ile iliyo peke yake.

Mnipate vizuri kuhusu wafanyakazi, kwa sababu ndio chanzo bora cha habari mjini kuliko ofisi yoyote ya watalii. Mpishi msaidizi, dereva wa basi, kijana anayepanga viatu kwenye duka la kukodisha vifaa: hao wametoka nchi mbalimbali, wana timu zao, hawana televisheni nzuri kwenye vyumba vyao vya pamoja, na tayari wamekwishajua nani ana chaneli gani. Mnapochukua vifaa siku ya kwanza, msiulize baa nzuri iko wapi, maana mtaelekezwa panapopendeza watalii. Mwulizeni yeye mwenyewe atatazama wapi mechi ya Jumamosi. Mtaelekezwa mahali pa dari fupi, glavu zimeanikwa juu ya kipasha joto, harufu ya soksi mbichi haijifichi, na mpira unaheshimiwa.

Kisha pigeni simu hapo, msiandike ujumbe. Anayejibu ujumbe ni mtu wa ofisini ambaye atasema ndiyo, tunaonyesha michezo. Mtakeni aliyeko kaunta, mtajieni mechi kwa majina ya timu zote mbili na saa ya huko, na muulizeni kama chaneli hiyo hasa anayo, kama sauti itawekwa, na kama saa hiyo hakuna mashindano mengine atakayoyapa kipaumbele, kwa sababu mashindano ya kuteleza yenyewe ni mchezo mkubwa kule na rimoti inaweza kuwa mikononi mwa wenyeji. Akisita kwenye chaneli, hana.

Mmoja wenu bila shaka atasema atatumia programu ya simu aliyoilipia. Inategemea amejiandikisha wapi. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 mtu aliyelipia huduma ya aina hiyo katika nchi ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuendelea kuitumia akisafiri kwa muda ndani ya Umoja huo. Uswisi haimo. Zermatt ya Uswisi na Cervinia ya Italia zimeunganishwa kwa lifti, mtu anateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla ya chakula cha mchana, na programu hiyohiyo iliyoonyesha mechi upande wa Italia inaweza kukuandikia upande wa pili kwamba maudhui hayapatikani katika eneo lako. Aliyejiandikisha nje ya Umoja huo asitegemee kitu chochote mpaka aone picha inatembea.

Mechi ya saa 3 usiku ikiisha kwa dakika 90 mnatoka karibu saa 5. Ikiingia muda wa nyongeza na penalti, mnatoka saa 5:45, na katika miji mingi basi la mwisho la bondeni litakuwa limekwishaondoka. Kama mmelala kijiji cha jirani kwa kukwepa gharama, angalieni ratiba ya basi siku ileile mnayoangalia ratiba ya mechi.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama inafaa kwenda kipindi cha mashindano ya kuteleza yenyewe. Mashindano makubwa ya Wengen, Uswisi, na Kitzbühel, Austria, hufanyika Januari, kwa hiyo safari yenu haiyakuti, lakini mkisogeza tarehe mjue kwamba njia ya Lauberhorn pale Wengen ina urefu wa karibu kilomita 4.4, na aliyesimama pembeni humwona kila mtelezaji kwa sekunde chache tu. Walioona mashindano yote ni wale walio karibu na skrini ya mwisho wa njia. Wengen haina magari, mnafika kwa treni, na wikiendi hiyo treni inajaa. Soka mjini wikiendi hiyo msiitafute kabisa, shukeni hadi mji wa Interlaken ulio chini bondeni, na mkirudi mtakuwa mnapishana na umati unaoteremka.