Bibi wa Kibirizi nimtajeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu kuhusu wauza dagaa wa Kibirizi. Bibi mmoja amenieleza mengi, na Stanley, yule mvumbuzi wa zamani, nimemsoma ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Niwatajeje? – Mwanafunzi, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa APA, mtindo mmojawapo wa kutaja vyanzo, toleo la 7, maongezi yako na bibi hayaingii kwenye orodha ya marejeo, maana msomaji hawezi kuyafuata popote. Taja ndani ya matini tu: jina, “mawasiliano binafsi”, na tarehe kamili. Lakini kama yumo kwenye sampuli yako, yaani watu unaowatafiti, hata hilo usiandike. Mwite “Mtafitiwa wa 4”, jina lake libaki kwenye daftari lako. (Mimi niliwataja wote kwa majina. Msimamizi alinirudishia kazi nzima, na alikuwa na haki.)

Stanley alifika Ujiji 1871, kitabu chake kikatoka 1872. Hukukishika, basi usijidai: andika “Stanley, 1872, kama alivyonukuliwa na…”, na kwenye orodha weka kile ulichokisoma. Mji wa mchapishaji siku hizi hauandikwi. Ila waulize kwanza chuoni kwako. Wengine wanataka mtindo wa Harvard, na huko mji mara nyingi bado unatakiwa.