Kwa wahudumu wapya wa wazee wa Kiyahudi: msiitangulie roho

Wadogo zangu mliojiunga nasi karibuni katika nyumba za wazee wa Kiyahudi hapa Marekani, mna upendo na hamkwepi zamu, lakini panapotokea msiba mnafanya haraka kupita kiasi. Nimeona makosa yaleyale yakirudiwa na kila kundi jipya, na yanawaumiza watu ambao tayari wameumia.

1. Anayekata roho ni mtu hai. Sheria ya Kiyahudi humwita gosesi, nayo humhesabu kuwa hai katika kila jambo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200 BK, inasema kwamba amfumbaye mtu macho wakati roho inatoka ni mmwaga damu, na sheria inakataza hata kumchomolea mto.

Mwenzenu mmoja, kijana mpole ambaye hajapata kumkaripia mgonjwa, alikuwa chumbani kwa mzee ambaye pumzi zake zilikuwa zikikatika kwa muda mrefu kisha kurudi. Pumzi moja ilipokawia, kijana akaona yamekwisha. Akashusha kitanda, akauchomoa mto, akampitishia kiganja machoni na kuanza kuinyoosha shuka, kwa kuwa kwetu maiti haachwi macho wazi na mwenye kuyafumba huonekana amefanya jambo la heshima. Mzee akavuta pumzi. Binti yake, aliyekuwa ameketi kando na kitabu cha Zaburi mapajani, hakupiga kelele. Aliinuka, akamwinua baba yake kichwa kwa mkono mmoja na kuurudisha mto kwa mkono wa pili, kisha akabaki amesimama akiupapasa ukingo wa mto huo, na hakukifungua tena kile kitabu. Mzee alifariki alfajiri. Katika ripoti ya makabidhiano hapakuandikwa neno lolote, maana kwa taratibu za kazi hakuna kilichoharibika. Kwa yule binti, mkono wa mgeni ulikuwa umemgusa baba yake kana kwamba amekwisha kuondoka, naye angali yupo. Kijana aliomba radhi, akasamehewa, lakini lile ni jambo ambalo kusubiri kidogo tu kungelizuia.

Sheria hiyohiyo inaruhusu kuondoa kitu kinachoizuia roho kutoka, kama kelele za mpasua kuni karibu na nyumba. Kutokana na mfano huo marabi wa leo hujadili mashine za kupumulia, na hawakubaliani wote. Kwa hiyo familia ikiwauliza maoni, waelekezeni kwa rabi wao.

2. Akishafariki na muuguzi akathibitisha, msimwoshe. Watakuja Hevra Kadisha, yaani kikundi cha Wayahudi wanaoandaa maiti kwa maziko, wanaume kwa mwanamume na wanawake kwa mwanamke, wamwoshe na kumvika sanda nyeupe isiyo na mfuko. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kwamba zamani gharama za mazishi zililemea kuliko kifo chenyewe, hadi ndugu wakawa wanamtelekeza maiti na kukimbia, mpaka Rabban Gamliel, kiongozi wa marabi wa zama hizo, alipoagiza yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha kawaida. Tangu hapo tajiri na maskini huvikwa sawa. Wekeni kiti karibu na mwili, kwa sababu hauachwi peke yake. Haraka yenu sasa ndiyo inayohitajika kwenye makaratasi: maziko hufanywa mapema iwezekanavyo, na cheti kikichelewa hadi Sabato ikaingia, yanasogezwa.

3. Maua hapana, pelekeni chakula, baada ya kuuliza kama nyumba hiyo inafuata kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula.

4. Mkienda kuhani katika zile siku 7 za maombolezo baada ya maziko, ziitwazo shiva, mtawakuta wafiwa kwenye viti vya chini, vioo vimefunikwa, na aliyefiwa na mzazi amechana nguo upande wa kushoto, penye moyo. Kaeni kimya hadi mfiwa aanze kusema, kwa kuwa marafiki wa Ayubu walingoja vivyo hivyo. Hasa msiseme "yuko mahali pazuri." Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliuhesabu ufufuo wa wafu miongoni mwa misingi 13 ya imani, na Wayahudi wengi wanaushika; wengine waliomo katika nyumba hizihizi hawaamini uhai wowote baada ya kaburi, na wote hao ni wafiwa wenu. Mwambieni mfiwa jambo mlilolijua kwa marehemu, jinsi alivyopenda chai yake au alivyowataja wajukuu.

5. Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi mbele ya watu wazima 10, haitaji kifo hata mara moja. Husomwa kwa miezi 11, kwa sababu hukumu ya waovu huko Gehinomu, mahali pa adhabu baada ya kifo, ilisemwa kuwa miezi 12, na mtoto hataki mzazi wake adhaniwe miongoni mwao. Kwa hiyo mtoto wa marehemu akipita kuwasalimu na kuwaambia kwamba amemaliza Kadishi, msimwambie kwamba sasa ametoka matangani. Kwa mzazi, maombolezo yanaendelea hadi mwezi wa 12 uishe.