Simu za mezani za ofisi: angalia zinaunganishwa na nini kabla ya kuandika HS Code

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekwama. Ameagiza simu za IP za ofisi, yaani zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, kutoka China. Kwenye HS Code, yaani namba ya kimataifa ya kupanga bidhaa forodhani, muuzaji ameandika 8517.12 kwenye ankara, wakala wake wa forodha anang'ang'ania 8517.62, na jirani yake wa biashara kamwambia aweke 8517.18 "kama sote tunavyoweka". Jirani ndiye aliyepatia, ila sababu aliyotoa haina maana yoyote. Siku ofisa wa forodha atakapouliza kwa nini, "sote tunaweka hivyo" haitamsaidia mtu.

Tuanze na 8517.12, maana hiyo haina mjadala: haipo tena. Ilikuwa ya simu za mkononi hadi mfumo wa HS ulipofanyiwa mabadiliko ya 2022, ambayo Afrika Mashariki ilianza kuyatumia Julai 1, 2022 pamoja na toleo jipya la Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Ikagawanywa: 8517.13 kwa simu janja na 8517.14 kwa simu nyingine za mitandao isiyo na waya. Hata 8517.70 ya vipuri iliondoka, zikaja 8517.71 ya antena na 8517.79 ya vipuri vilivyobaki. Wauzaji wengi wana katalogi za zamani na hawana haraka ya kuzibadilisha. Namba ya muuzaji ichukue kama dokezo tu. Tarakimu sita za mwanzo ndizo dunia inazotumia kwa pamoja. Zinazofuata kila nchi au jumuiya hujiwekea.

Sasa wakala. Anaona simu ya IP ina matundu mawili ya kebo ya mtandao, moja la kwenda ukutani na jingine la kuunganisha kompyuta, akahitimisha kwamba hiyo ni swichi, kifaa cha kugawa mtandao. Kweli, ndani kuna swichi ndogo. Lakini Kanuni ya 3 ya Sehemu ya XVI ya HS, yenye Sura ya 84 na 85, inasema mashine yenye kazi zaidi ya moja ipangwe kwa kazi yake kuu, na hakuna anayenunua simu ya mezani ili apate swichi ya matundu mawili. Kuna hoja nyingine yenye nguvu zaidi, na wengi huiruka. Fungua kichwa cha 85.17 kwenye kitabu cha ushuru uone kilivyopangwa: kundi la kwanza ni simu, kundi la pili ni "vifaa vingine" vya kutuma na kupokea sauti, picha au data. 8517.62 imo kwenye hilo la pili. Kifaa ambacho ni simu tayari kimeshapata nafasi kwenye kundi la kwanza, hakiwezi kushuka kwenda kwa "vingine". 8517.62 waachie mtambo wa PABX (unaogawa simu za ndani ya ofisi), geti la sauti (linalounganisha simu za kawaida na mtandao wa IP), ruta na swichi zenyewe.

Ndani ya kundi la simu, jiulize kitu kimoja: inaunganishwa na mtandao kwa njia gani? Ikitumia waya, uwe waya wa kawaida wa simu au kebo ya mtandao, ni 8517.18. Ikiwa kitako kimeunganishwa kwa waya lakini mkono wake, ile sehemu unayoweka sikioni, hauna waya, kama zile za mapokezi za DECT (teknolojia ya simu za mezani zisizo na waya), ni 8517.11. Ikiwa na sura ya simu ya mezani lakini ndani inaingia kadi ya SIM, ni 8517.14, na hapa ndipo wengi huteleza kwa sababu wanaangalia umbo. Simu inayotegemea Wi-Fi peke yake nayo ni 8517.14.

Usitishwe na Android kwenye simu ya mezani. Kanuni ya 5 ya Sura ya 85 inaitambua simu janja kuwa ni simu ya mtandao wa simu za mkononi yenye mfumo endeshi wa kuweza kupakua na kuendesha programu kadhaa kwa pamoja, zikiwemo za watengenezaji wengine. Simu ya kebo isiyo na SIM haigeuki 8517.13 eti kwa kuwa ina kioo kikubwa.

Vifaa vinavyoambatana ndivyo vinavyoharibu kadhia nyingi. Simu iliyo kwenye boksi lake la rejareja pamoja na mkono, waya uliojikunja, kitako na adapta hupangwa yote kama simu. Lakini muuzaji akikufungia adapta zote kwenye katoni ya peke yake, hizo ni 8504.40, mstari wake. Kebo zenye viunganishi vyake ni 8544.42. Mkono wa simu ya waya ukiagizwa kama spea hauingii kwenye vipuri vya 8517.79; unakwenda 8518.30, pamoja na hedifoni za waya za wahudumu wa simu. Sababu ni Kanuni ya 2(a) ya Sehemu hiyohiyo ya XVI: kipuri ambacho chenyewe kina nafasi yake kwenye Sura ya 84 au 85 huenda huko kwanza. Ganda la simu, lisilo na nafasi nyingine, ndilo linalobaki 8517.79.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aandike ankara inayoeleweka kabla mzigo haujafungwa. "Telephone" peke yake ni kujitafutia ukaguzi. Aandike modeli, njia ya kuunganishwa, kama ina SIM au haina, kama adapta imo ndani ya boksi, na idadi ya kila kitu kwa mstari wake. Maelezo hayohayo yaonekane kwenye orodha ya ufungashaji na kwenye maombi ya kibali cha aina ya kifaa, kwa wadhibiti wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya. Weka na karatasi ya kiufundi ya mtengenezaji. Nakala zitunze: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu mamlaka kurudi nyuma miaka mitano kudai ushuru uliopungua. Na ushuru ukipanda, VAT nayo inapanda, maana hukokotolewa juu ya thamani iliyokwishaongezewa ushuru.

Kama unaagiza kwa wingi au mara kwa mara, omba uamuzi wa awali wa upangaji kabla ya kuagiza. Ukiwa bandarini tayari na umekataliwa, kifungu cha 229 cha sheria hiyohiyo kinakupa siku 30 kuomba mapitio kwa Kamishna wa forodha. Barua yako isilalamike kuhusu kiasi cha kodi. Itaje maneno ya 85.17, Kanuni ya 3 na ya 2(a) za Sehemu ya XVI, na uambatishe picha ya nyuma ya simu panapoonekana matundu.