Kabla Hujanunua Chipu Nyingine, Pima Umeme wa Saa Mbili Usiku

Kwa miezi minne DAC yangu ilikuwa inapiga vizuri mchana na kuvuma usiku. Asubuhi sauti ni safi, unasikia hadi mpiga gita anavyoburuza kidole kwenye waya. Ikifika saa moja na nusu jioni, watu wamerudi makwao, pasi zimewashwa, friji zinahangaika, mvumo unaanza chini chini. Saa mbili huwezi kusikiliza wimbo wa taratibu. Saa tano umekwisha, kama haukuwapo. Nilitumia pesa nyingi kuufukuza mvumo ule kabla sijafikiria kutazama saa ya ukutani.

Kwa asiyeijua, DAC ni kifaa kinachopokea muziki ukiwa bado ni tarakimu, kutoka kwenye kompyuta, simu au deki, na kuutoa ukiwa umeme wa sauti ambao amplifaya inaweza kuukuza. Sekunde moja ya CD ina vipimo 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na DAC ndiyo inayovirudisha viwe wimbi. Ndani ya simu yako imo moja ndogo. Ukijiundia yako unapata iliyo bora zaidi kwa bei ya sabufa ya kawaida, tena unapata kitu cha kukukosesha usingizi.

Mimi nilichagua seti inayotumia chipu ya AK4490, na mpokezi wake ni AK4118. Zile chipu ndogo zenye miguu myembamba kama nywele huja zimeshachomewa kwenye bodi. Wewe unachomea rezista, kapasita, dayodi, regulata na soketi. Kwa anayeanza, naomba uchukue seti ya namna hiyo. Usijitie ushujaa wa kuchomea chipu ya miguu 48 kwa chuma cha kuchomea ulichonunua sokoni. Zote mbili ni za kampuni ya AKM ya Japani, ambayo kiwanda chake cha Nobeoka kiliungua Oktoba 2020, na baada ya hapo seti hizi ziliadimika na bei ikaruka. Nilisubiri. Halafu nilipokuja kuagiza transfoma kutoka Dar, ikawa Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita na mafuriko yameikata barabara ya Kusini kule Somanga. Bodi iko Mtwara mezani, transfoma iko Kariakoo, na katikati mto umekula lami. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi: agiza vyote kwa pamoja, na uagize vya akiba. Fyuzi tano, regulata mbili mbili, dayodi kumi. Huku kwetu kifaa cha shilingi mia tano kinaweza kukusimamisha kazi wiki nzima.

Kuhusu kuchomea sitasema sana. Choma kwa joto la kutosha, ondoka haraka, risasi iwe imetambaa na kung'aa, isiwe donge. Ukimaliza, osha mabaki ya fluksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, kwa spiriti na mswaki wa zamani. Watu wa bara wanaweza kuacha, sisi hatuwezi. Nyumba yetu iko Shangani ya Mtwara, upepo wa bahari unaingia na chumvi yake, na fluksi iliyobaki inavuta unyevu hadi umeme unaanza kutambaa pasipo njia.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likiandikwa popote, labda kwa sababu wanaoandika hawalimi korosho. Nilihifadhi swichi na waya wa shaba niliokwisha kuuchuna kwenye stoo ya baba, karibu na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Baada ya msimu wa kupuliza nikakuta shaba imekuwa nyeusi, na ndimi za swichi nyeusi vilevile. Risasi haikushika kabisa. Salfa ndivyo ilivyo, inaila shaba na fedha hata bila kugusana nazo, hewa ya joto yenye unyevu inatosha. Kama kwenu kuna mikorosho, vifaa vyako viwe kwenye chombo chenye mfuniko, nyumba nyingine.

Sasa turudi kwenye mvumo.

Kama kila mgeni wa mambo haya, niliamini tatizo ni chipu. Nikaanza na opampu, chipu ndogo inayoukuza umeme wa sauti kabla haujatoka kwenye DAC. Seti ilikuja na NE5532, opampu ya tangu miaka ya 1970 mwishoni, ya bei ndogo. Nikaichomoa kwenye soketi, nikaweka OPA2134. Nikasikia tofauti kubwa! Wiki iliyofuata nikaweka LM4562, nikasikia tofauti kubwa tena. Usiku mvumo uko palepale. Nikabadili kapasita za kutolea sauti, nikabadili waya. Nilikuwa nimeshaanza kutazama bei ya kioo cha saa cha usahihi mkubwa, kile kinachopigia chipu mapigo, ndipo nikaona aibu nikaenda Mikindani kwa mjomba.

Mjomba alikuwa fundi redio tangu enzi za redio za mbao. Macho yamechoka sasa, lakini masikio na ulimi bado.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

Nikamweleza chipu, opampu, kapasita. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Umeme unaoingia umeupima?"

"Umeme ni 230, mjomba."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa kwenye transfoma."

"Transfoma imeandikwa inachotaka. Inachopewa umekipima?"

Jioni ile nilikaa na mita. Saa kumi alasiri: 226. Saa moja na nusu: 196. Saa mbili na robo: 178. Nyumba yetu iko mkiani mwa laini, mbali na transfoma ya mtaa, kila anayewasha kitu kabla yetu anachukua kidogo. Ukielewa hesabu ya pale, umeelewa nusu ya kazi nzima ya DAC, kwa hiyo nivumilie.

Transfoma yangu ni ya volti 15-0-15. Hiyo 15 unaipata ukiilisha 230, nayo ikiwa imebeba mzigo. Ukipitisha kwenye dayodi, kapasita inajaa mpaka kilele cha wimbi, yaani 15 mara 1.41, karibu 21. Toa volti moja hivi inayoliwa na dayodi, zinabaki 20. Opampu zangu zinalishwa na regulata, vifaa vya kushikilia volti zisiyumbe, za 7815 na 7915, zinazotoa 15 chanya na 15 hasi. Regulata za namna hii zinataka ziingiziwe kama volti mbili zaidi ya zinachotoa, yaani 17. Mchana zina 20, zinatamba. Sasa weka 178 badala ya 230. Ile 15 inakuwa 11.6, kilele chake 16.4, toa dayodi, unabaki na 15.4. Regulata imekosa pa kupumulia. Haizimiki, ndiyo hila yake. Inaacha tu kuchuja. Mawimbi yote yaliyobaki kwenye kapasita yanapita mpaka kwenye opampu, na opampu inayafikisha kwenye spika. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, dayodi nne zinaikunja kuwa 100. Nilipofungua programu ya kuchora sauti kwenye simu na kuiweka mbele ya spika, mnara mrefu ulisimama palepale kwenye 100.

Opampu iwe ya shilingi elfu mbili au elfu arobaini, ukiinywesha maji machafu itakutolea machafu.

Tiba ilikuwa kung'oa 7815 na 7915 na kuweka 7812 na 7912. NE5532 inafanya kazi vizuri tu kwenye 12, na regulata ya 12 inahitaji 14 tu. Usiku ina 15.4. Zote mbili hazikufika shilingi elfu tano, na mvumo uliondoka usiku ule ule. Kama wewe kwenu umeme unashuka hata chini ya hapo, tumia LM317 na LM337 ambazo unajipangia volti kwa rezista mbili, ushuke hadi 10.

Nasema "usiku ule ule" lakini kwanza nilikata fyuzi tatu. Sikiliza, hapa ndipo wengi wanaunguza. Regulata chanya na hasi zinafanana kama kurwa na doto, ila miguu yake haifanani. Ukizitazama kwa mbele, 7812 ni kuingia, ardhi, kutoka. 7912 ni ardhi, kuingia, kutoka. Hilo nilikuwa nalijua, nikajiona fundi. Nisilolijua ni bati la mgongoni: kwenye 7812 limeungana na ardhi, kwenye 7912 limeungana na mguu wa kuingia. Nikazifunga zote mbili kwenye hitisinki moja, kile kipande cha aluminiamu cha kupozea, skrubu kavu. Maana yake nimeunganisha umeme hasi na ardhi kwa kipande cha chuma. Weka karatasi ya mika na bushi ya plastiki, kisha pima kwa mita kabla ya kuwasha kwamba bati na hitisinki havisemezani.

Na ukiwasha mara ya kwanza, usiwashe moja kwa moja. Tafuta globu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 40 au 60, siyo ya LED, uiunge katikati ya waya mmoja unaokwenda kwenye transfoma. Globu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa, kuna mahali umekosea. Fyuzi zangu mbili za mwisho zilitokana na kuona uvivu wa kutafuta globu.

Upande wa pili wa umeme ni kupanda. Saa tisa usiku, mtaa umelala, mita yangu iliwahi kusoma 251. Transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa. Yangu, isipobeba kitu, hutoa 17 badala ya 15 kwenye 230. Fanya hesabu ile ile uone: unapita volti 25 kwenye kapasita. Seti ilikuja na kapasita zilizoandikwa 25. Nilizitoa zote za kwenye ugavi nikaweka za 35, na hapo sikutafuta jina kubwa, nilitafuta duka linaloaminika. Kapasita zenye majina makubwa ndizo zinazoigwa. Niliwahi kununua za aina hiyo, nikaipasua moja baada ya kufa, ndani nikakuta kapasita ndogo imevalishwa koti la kubwa.

Baada ya hapo ndipo nilipozirudia zile opampu kwa haki. Nilimwita mpwa wangu wa kidato cha pili, nikageukia ukuta, yeye anabadilisha au anajifanya kubadilisha, kisha ananipigia kipande kile kile cha muziki wa dansi, nami naandika namba. Mara 12. Nilipatia 7. Hata shilingi ukiirusha juu inaweza kukupa hivyo. Zile "tofauti kubwa" nilizozisikia nilikuwa nazisikia kwa pochi. Sisemi hakuna mtu duniani anayesikia, nasema mimi, kwa spika zangu, kwenye chumba chenye dirisha la wavu na jogoo wa jirani, sisikii. NE5532 ilirudi kwenye soketi yake na ipo mpaka leo. Kuna faida nyingine: opampu za kasi ukizichomeka kwenye bodi isiyo na kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme, zinaweza kutetemeka zenyewe kwa masafa usiyoyasikia, zikapata moto. Ukibadilisha, gusa kwa kidole baada ya dakika tano.

Ulibaki mvumo mwingine mdogo, wa 50 safari hii, uliokuja kila nilipounganisha kompyuta kwa USB. Huo hautoki kwenye regulata, ni duara la ardhi, kompyuta na amplifaya vinapeana ardhi kwa njia mbili. Nikachomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ukapungua. Nikahamia kwenye waya wa mwanga, ule unaopitisha muziki kwa taa nyekundu bila umeme wowote kugusana, ukaisha. Usije ukaukata kwa kuondoa waya wa aithi kwenye plagi. Kuna watakaokushauri hivyo, waache. Kama nyumba haina aithi kabisa, na nyumba nyingi hazina, mwite fundi umeme akuchimbie kwanza.

Kasha la kwanza lilikuwa la mninga, seremala kalipiga msasa vizuri mno, kila mgeni alilisifu. Lakini mbao hazizuii kitu: simu ikikaribia kuita, spika zinatangulia kusema *titi-titi-titi*. Sasa DAC inakaa kwenye kopo kubwa la biskuti, la bati, aithi imefungwa kwa skrubu kwenye bati lenyewe baada ya kukwangua rangi. Simu imenyamaza. Tatizo likawa moja tu, kwamba kopo bado lina picha ya biskuti, na Jumapili mpwa wangu yule yule nilimkuta ameshalifungua nusu. Nimelipiga skrubu nne na kuandika juu yake kwa wino mzito: HATARI, UMEME.