Sengerema–Dar–Dodoma kwa siku nne: usikate tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi

Dada yangu wa Sengerema, umeuliza hivi: una siku nne mwezi wa tano, unataka kufunga mzigo wa duka Kariakoo, kisha ufike Dodoma kufuatilia faili lako wizarani kule Mtumba, halafu urudi nyumbani. Umeshaona tiketi ya ndege Mwanza–Dar, kwenda na kurudi, na unataka kuilipia leo. Nakuomba usiilipie. Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka jana, nikapoteza siku nzima na hela ya chumba.

Iangalie kwanza ramani. Barabara ya kutoka Dodoma kuja kwetu Mwanza inapita Singida, Nzega, Shinyanga, Misungwi. Kwa hiyo ukishafika Dodoma umeshaanza kurudi nyumbani. Ukirudi Dar kufuata ndege unageuka nyuma kilomita zaidi ya 400, unalipa treni mara mbili na unatafuta chumba cha usiku mwingine Dar. Kata ndege ya kwenda tu. Dar mpaka Dodoma panda SGR, ile treni mpya ya umeme. Dodoma kurudi panda basi la usiku.

Lililonikuta mimi ni hili. Nilikuwa na mama mkubwa, tuna ndege ya asubuhi kutoka Mwanza na treni ya alasiri siku hiyo hiyo. Kwenye hesabu zangu tulikuwa na masaa matano katikati, nikaona yanatosha na yanabaki. Ndege ikachelewa. Tukatangaziwa nusu saa, kisha nusu saa nyingine, kisha ikawa kimya. Tulipotua Dar tukakuta foleni ya Barabara ya Nyerere, na tulipofika stesheni ukaguzi wa mizigo ya treni yetu ulikuwa umefungwa. Kupitia kioo niliwaona abiria wa mwisho wakipandishwa na ngazi za umeme, mabegi mkononi. Mama mkubwa alikaa juu ya begi lake, akavua viatu, hakusema neno. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kukaa tangu alfajiri. Chumba cha Dodoma nilikuwa nimeshakilipia, na mwenye lodge alikataa kurudisha hata nusu.

Tangu siku ile siweki ndege na treni siku moja. Lazima ulale katikati. Ratiba inayotegemea ndege itue kwa wakati haina pa kupumulia, na ukiwa na mtu mzima au mtoto, wao ndio wanaoumia.

Kwa hiyo ondoka Jumanne. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 husubiri tena kivuko, lakini usidanganyike ukaondoka kwa kuchelewa. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko upande wa pili wa jiji, na lazima upite Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, katikati ya mji, Kirumba, ndipo ufike Pasiansi na mbele yake. Foleni ya Mkuyuni na Igogo asubuhi unaijua mwenyewe.

Ukitua Dar, usiende kulala Mbezi au Ubungo kwa sababu chumba ni nafuu. Tafuta lodge ya Gerezani au Kariakoo. Barabara ya Nyerere inakushusha moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege mpaka huko, duka kwa duka unatembea kwa miguu, na Stesheni ya Magufuli, unapopandia SGR, iko jirani kiasi kwamba bajaji inakufikisha alfajiri kabla foleni haijaamka. Lala karibu na unapoondokea.

Jumatano yote ni ya Kariakoo. Mzigo usiupeleke kwenye treni, utakutesa kwenye ukaguzi na utakutesa tena Dodoma. Ukabidhi kwa wasafirishaji wa mizigo ya Mwanza, wako wengi pale pale sokoni, muulize mwenye duka anayekuuzia yeye hutumia wapi. Andika jina na namba yako ya simu kwa maka peni pande zote mbili za robota, maana ubavu mmoja huishia chini ukachubuka. Piga picha likiwa limeshafungwa, na risiti iandikwe idadi ya maboksi, isiandikwe "mzigo" tu. Mimi risiti ya aina hiyo iliwahi kuniokolea boksi zima la vyombo.

Alhamisi asubuhi panda treni. Safari za abiria mpaka Dodoma zilianza 25 Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Angalia ya sasa kabla ya kulipa. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho chako herufi kwa herufi. Basi kwa njia hiyo linakula siku karibu nzima, treni inakula masaa matatu na nusu au manne. Omba dirisha. Ukishaiacha Morogoro milima inakusogelea, na maeneo ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, behewa zima linakuwa giza na watoto wanapiga kelele za furaha. Siku ya pili tulipopanda hatimaye, mama mkubwa alinishika mkono handaki la kwanza. La pili alikuwa anacheka.

Nimekuchagulia Alhamisi makusudi. Watumishi wengi wanafanya kazi Dodoma na familia ziko Dar, kwa hiyo Ijumaa treni za kwenda Dar zinajaa, na Jumapili zinajaa za kurudi Dodoma. Ukiziepuka hizo, unapata kiti bila kuhangaika.

Sasa chumba cha Dodoma, na hapa ndipo naomba uwe makini kuliko kote. Mwezi wa tano Bunge la bajeti liko kazini; linaanza Aprili na kwenda mpaka Juni. Vyumba vinajaa, bei zinapanda. Kwa hiyo kabla ya ndege, kabla ya treni, piga simu upate chumba, na uulize kwa kinywa chako: nikichelewa siku moja, hela yangu inakuwaje? Kama hawana jibu, tafuta kwingine.

Kitafute upande wa Nzuguni, Ilazo au Kisasa. Stesheni ya treni iko Mkonze, lakini Mtumba iko upande wa barabara ya Dar, na stendi kuu ya Nanenane iko upande huo huo. Unavuka mji mara moja tu, Alhamisi mchana. Siku hiyo usikimbilie wizarani, ofisi za serikali zinafungwa saa 9:30 alasiri na utafika watu wanafunga mafaili. Pumzika. Ijumaa saa 1:30 asubuhi uwe mlangoni Mtumba, na wakikwambia "rudi baada ya chakula", una muda wa kurudi.

Ijumaa jioni panda basi Nanenane. Ile reli ya zamani inayofika Mwanza tangu 1928 ina raha yake, lakini kwa siku nne haikufai.

Na wewe wa Sengerema una faida ambayo sisi wa mjini hatuna. Huna haja ya kufika na basi mpaka Mwanza mjini. Barabara ya Shinyanga inafika Usagara kabla ya Nyegezi, na pale Usagara ndipo njia ya Kigongo inapochepuka. Mwambie kondakta mapema, tangu Dodoma, ili begi lako likae mlangoni mwa buti. Kama mnafika bado giza, usishuke, nenda mpaka stendi ya Nyegezi ungoje kupambazuke. Kukiwa kumeshakucha, shuka Usagara, panda gari za Sengerema, vuka daraja. Chai utakunywa kwako.