Matairi ya theluji kwa Golf iliyoshushwa

Kaka, hapo Montreal na Volkswagen Golf yako uliyoishusha kimo iwe karibu na ardhi, usinunue matairi ya theluji ya rimu zako za inchi 18. Chukua rimu za inchi 16 na tairi la saizi 205/55R16 (upana milimita 205, rimu inchi 16). Kimo chake kinapishana na 225/40R18, saizi ya rimu za 18, kwa milimita tano tu, ila tairi ni jembamba, linakata theluji vizuri, na ubavu wake mnene unahimili mashimo yaliyofichwa na barafu. Kwanza hakikisha rimu haigusi kalipa ya breki (kile kifaa kinachobana diski), maana Golf zenye breki kubwa zinataka rimu za inchi 17.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kimo cha gari. Kama una koilova (springi na shokomzoba zenye nyuzi za kurekebishia kimo), inyanyue gari sentimita mbili kabla ya baridi kali, halafu upime alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, upya. Theluji hugandamana ndani ya madigadi ikawa barafu, ukikata kona tairi linasugua. Mimi bampa la mbele lilipasuka kwenye tuta la theluji lililoachwa na gari la kusafishia barabara, asubuhi moja nikitoka tu nyumbani! Nyuzi za koilova zipake grisi, chumvi ya barabarani huzigandisha kabisa.

Pia papasa upande wa ndani wa matairi ya sasa. Gari lililoshushwa hulila tairi upande huo, na kwa nje tairi linaonekana jipya.

Hapo Quebec, jimbo la Montreal, sheria ya matairi ya theluji inaanza tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, tairi liwe na alama ya mlima na chembe ya theluji. Weka miadi na fundi mapema, Novemba foleni ni ndefu mno.